Mstari Uliopanda Kila Siku

Nyuma kabisa ya ghala la damu, kando ya chumba cha majokofu, palikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha. Baridi yake ilimfanya mtu ajikunyate kama kifaranga aliyenyeshewa. Humo ndani kompyuta moja kubwa ilinguruma mchana kutwa kama paka aliyeshiba. Wenyewe waliiita mtambo. Mtambo huo ndio uliojua kila mfuko wa damu ulipo: uko jokofu gani, ni wa kundi gani, na utaharibika lini. Hospitali za mji zilipohitaji damu zilipiga simu mapokezi. Mpokezi akauliza mtambo, mtambo ukajibu, na dereva akapakia mifuko kwenye sanduku la barafu akatoka mbio. Yote hayo yalipaswa kwisha kabla ya chai kupoa kikombeni.

Mlinzi wa mtambo alikuwa mwanamke kijana ambaye watu wote walimwita Jicho. Jina lilimkaa kama kiatu cha saizi yake, kwa kuwa Jicho hakuweza kuona sufuria motoni asifunue kifuniko. Aliishi kwa dada yake, na siku za zamu yake ya kupika, wali haukuiva, maana mvuke wote aliutoa yeye mwenyewe kwa kuchungulia.

“Uache huo wali!” dada yake alikuwa akimkemea. “Wali nao unataka faragha.”

Kazini Jicho hakupenda kubonyeza picha za rangi. Alifungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaandika amri kwa herufi, na Linux, mfumo uliouendesha mtambo, ikamjibu kwa herufi. Aliuliza mtambo una mzigo kiasi gani, kumbukumbu imebaki kiasi gani, diski inazungumza na nani. Tarakimu zilipomjia alizigeuza mchoro papo hapo, mstari wa nyota nyeupe kwenye giza. Nyota zikiwa chini mtambo umetulia. Zikipanda mtambo unahema. Watu wengine hutazama mawingu wakajua kama wataanika nguo. Jicho alitazama nyota zake.

Basi mchana mmoja, wakati hospitali zote zinapopiga simu kwa pamoja, sauti ilipaa kutoka mapokezi. Ilikuwa sauti ya mpokezi, mama mmoja mchangamfu aliyepachikwa jina la Kasuku kwa sababu mdomo wake na simu havikuachana.

“Jicho wee! Mtambo wako umelala!”

“Haujalala, unafikiri!”

“Basi ufikirie upesi! Dereva kaacha gari linanguruma, na mimi hapa natazama kiduara kinazunguka tu kama mwali anayechezeshwa!”

Jicho alikimbilia dirisha lake jeusi. Kweli, mzigo ulikuwa umepanda. Baada ya muda si mrefu ulishuka, dereva akapata mifuko yake, na wengine wakasahau. Jicho hakusahau. Tangu saa ile moyo wake ulikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliandika programu fupi ya kuupima mtambo kila baada ya dakika tano, kuchora nyota, na kuorodhesha kazi zote zilizokuwa zikiendeshwa ndani, kuanzia inayokula nguvu nyingi hadi inayokula kidogo.

Katika orodha ile alikuta jina lake mwenyewe, kwa sababu hata programu ya kupima ni kazi, na kila kazi huandikwa jina la mwenyewe. Lilimkera. Ilikuwa kama kupiga picha ya harusi ukakuta kidole chako kimeingia pembeni. Akaongeza chujio kwenye amri yake: kila mstari wenye jina langu uondolewe. “Mimi ni mpimaji,” alijisemea, “si mgonjwa.” Orodha ikatoka safi. Jicho akaridhika.

Baada ya siku chache mchoro ulionyesha nundu kila mchana, nundu iliyoinuka vizuri kama ya ngamia. Na juu ya orodha, saa hiyo ya nundu, palikaa programu moja: ile iliyopita mfuko mmoja mmoja kila mchana kutafuta damu inayokaribia kuharibika. Aliyeiandika alikuwa mume wa dada yake.

Huyu shemeji yake alikuwa mtu mpole, mzito wa maneno. Ukimwuliza habari za asubuhi, jibu ungelipata mchana. Lakini kazi yake aliipenda, na kwa sababu ya programu yake, kwa muda mrefu hakuna mfuko uliokuwa umeozea jokofuni. Ajira yake ilikuwa ya mkataba, na mkataba ulikuwa unakwisha wiki ile ile. Nyumbani mkewe alikuwa mjamzito, mimba kubwa, miguu imevimba kama mkate uliotiwa hamira. Kila mtu pale ghalani alijua kwamba mkataba usipoendelea, mtoto yule atazaliwa baba hana kazi.

Jicho naye alijua. Hata hivyo, kwenye kikao cha wafanyakazi, mkurugenzi alipouliza kwa nini madereva wanasubiri dirishani, Jicho aliinua kompyuta yake wote waone.

“Hii hapa nundu,” alisema. “Na juu ya orodha ni programu ya Shemeji.”

Macho yote yakamgeukia shemeji yake. Mkurugenzi, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, aliegemea mbele. “Mwisho wa wiki nitaamua juu ya mkataba wako. Sitambakiza mtu anayetuzimia mtambo wakati wagonjwa wanasubiri. Umenielewa?”

“Nimeelewa, Mzee.”

Walipotoka nje Shemeji alimngoja Jicho mlangoni. “Shemeji,” alisema polepole, “si ungeniambia nyumbani kwanza?”

“Ya kazini yanasemewa kazini.”

“Sawa. Ila nyumbani tunaishi pamoja.”

Jicho alikwisha kuinamia kompyuta. Tayari alikuwa akichungulia nyota zake.

Jioni ile chakula kilikaa mezani kikapoa. Dada aliketi katikati yao, sahani tumboni kama vile tumbo lilikuwa meza, akamtazama huyu, akamtazama yule.

“Mkinuniana nyinyi wawili, mimi nitaongea na nani? Na mtungi wa maji?”

“Hakuna aliyenuna,” alisema mumewe.

“Ndiyo maana umetia chumvi kwenye chai?”

Shemeji alikitazama kikombe chake, akakinywa hivyo hivyo. Chini ya meza Jicho alikuwa amefungua kompyuta mapajani.

Kesho yake Shemeji aliifungua programu yake akaipunguza uzito. Badala ya kupita mifuko yote kwa mkupuo, sasa ilipita jokofu moja, ikapumzika, ikapita lingine. Ilikuwa kazi safi. Kila mtu alitarajia nundu ilale. Lo! Mchana ule mstari wa nyota ulipanda zaidi ya jana.

Kasuku alipaza sauti. “Jamani, leo ndiyo kabisa! Madereva wamepanga foleni hapa kama wanagombea kinyozi!”

Jicho akawa hakaliki wala hasimamiki. Dakika tano alizozipenda mwanzoni sasa zilikuwa ndefu kama mwezi wa njaa. Akapunguza hadi dakika moja. Mstari ukapanda. Akapunguza hadi sekunde chache tu. Mstari ukapanda zaidi. Na kila mara hakutosheka na mchoro wa leo. Aliitaka picha nzima, tangu siku ya kwanza ya kupima hadi nukta hiyo, ailinganishe. Alifika kazini kabla ya wote akawasha upimaji, na aliacha kompyuta wazi hata akienda msalani. Chakula cha mchana alikila kwa mkono mmoja. Usingizini alihesabu nyota, na si zile za mbinguni.

“Mwenzangu, utapofuka,” Kasuku alimwambia akipita na makaratasi.

“Nikiacha kutazama nitajuaje?”

“Utaniuliza mimi. Mimi hujua kwa matusi ya madereva.”

Mkurugenzi akaona maji yamezidi unga. Aliamuru programu ya Shemeji izimwe kabisa, na Shemeji mwenyewe akae nyumbani asubiri uamuzi. Shemeji alizima programu yake, akaifunika kibodi kwa kitambaa kama kawaida yake, akaenda zake bila kuaga.

Mchana ulipofika Jicho alikodoa macho. Programu ya Shemeji haikuwemo. Orodha ilikuwa nyeupe kama shuka la hospitali. Kazi ndogo ndogo tu, hakuna hata moja yenye kula kitu cha maana. Lakini mzigo ulikuwa juu kuliko siku zote, na nyota zilikuwa zikigonga dari ya mchoro. Mzigo mzito, mchukuzi haonekani! Kilikuwa kitendawili, na Jicho hakuweza kukitegua. Alizunguka chumbani, akarudi kitini, akazunguka tena. Mwizi kaingia? Mdudu? Au—na hapo shaka ilimchoma kama mwiba wa samaki kooni—Shemeji, kwa hasira, ameacha kitu?

Mkurugenzi aliingia bila kubisha hodi. “Haya, tumemwondoa. Mbona mtambo bado unaugua?”

“Huenda,” Jicho alisema, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko akili, “huenda kuna kitu amekiacha ndani. Kitu kinachojificha.”

Mkurugenzi aliufunga mlango nyuma yake. Uso wake ukabadilika. “Hilo si kosa la kazi tena. Hilo ni hujuma. Basi sina cha kusubiri. Kesho asubuhi aje nimalizane naye, na hatakanyaga hapa tena.”

Akatoka. Jicho alibaki amekodolea mlango. Alitaka kumwita, aseme ni dhana tu, hana ushahidi. Lakini maneno yakishamwagika hayazoleki, na nyota zilikuwa zinamwita. Aligeuka akazitazama.

Simu yake ililia. Alikuwa dada yake.

“Nisindikize kliniki. Shemeji yako ameenda kuulizia kazi kwingine, na miguu yangu leo hainibebi.”

“Dada, siwezi. Mtambo—”

“Mtambo unazaa?”

“Hauzai, lakini—”

“Basi njoo kwa anayezaa.”

Jicho alikuta dada yake amekwisha kufika getini, ameshika kiuno, jasho linamtiririka. Jicho mwenyewe alikuwa na kompyuta kwapani, tayari kuifungua njiani. Dada aliichukua mikononi mwake, akafunga kifuniko kwa sauti ya tap!, akaitumbukiza ndani ya mfuko wake wa nguo za kliniki.

“Leo utanitazama mimi.”

Kliniki walikaa kwenye benchi ndefu. Vidole vya Jicho vilipigapiga magoti yake kana kwamba magoti yana herufi.

“Anasemaje juu yangu?” aliuliza mwishowe.

“Nani? Mume wangu?” Dada alijipepea kwa ncha ya khanga. “Hasemi kitu. Jana mimi nilikulaumu, akaniambia nisikulaumu. Eti ‘Anachokiona ndicho anachokisema, yule hana ubaya.’ Halafu akatoka uani kukaa peke yake.” Aliinyoosha miguu yake iliyovimba. “Ila ndugu yangu, Mzee amekwisha kumpigia simu aende kesho asubuhi, na wakimfukuza kwa aibu, hakuna mahali pengine watakapomchukua. Nani anampokea mtu aliyeambiwa ameharibu mtambo wa damu? Wewe una hakika, lakini? Una hakika?”

Jicho aliutazama mfuko wenye kompyuta yake. Muuguzi akaita jina, na dada akainuka kwa tabu. Mtoto alikutwa mzima, anapiga mateke kama anayetaka kutoka siku ile ile.

Jicho aliporudi ghalani jua lilikuwa limeanza kuinama. Alimkuta Kasuku mapokezi ameegemea kiti, miguu juu ya kibweta, anakunywa chai.

“Kitendawili!” Kasuku alisema.

“Sina muda.”

“Sema tega, bwana! Usiwe mchungu kama shubiri.”

“Haya, tega.”

“Nina mgonjwa, daktari akitoka anapona, daktari akirudi anazimia.”

“Sijui. Nimekupa mji.”

“Mji nimekwenda nikala nikashiba, jibu ni mtambo wako!” Kasuku alicheka hadi chai ikamwagika. “Ulipotoka tu na dada yako, mwenzangu, ungesema wametuletea mpya. Nauliza, unajibu. Nauliza, unajibu. Madereva wamepita kama maji kwenye bomba. Hii chai nainywa ikiwa ya moto kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili!”

Jicho hakucheka. “Mchana wote?”

“Tangu dada yako alipokufungia hicho kidude chako.”

Jicho aliingia chumba cha mtambo taratibu, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Aliifungua kompyuta. Mchoro ulikuwa na pengo. Nyota zilikuwa juu kabisa, kisha hakuna kitu, giza tupu, kwa muda wote aliokuwa kliniki. Kifuniko kilipofungwa, upimaji nao ulikatika. Ndiyo kusema, kila nyota aliyoiona tangu mwanzo aliiona upimaji ukiwa unaendeshwa. Mtambo usiopimwa hajawahi kuuona hata siku moja. Asingeweza.

Aliwasha upimaji. Nyota ya kwanza ilitua chini kabisa, pale pa utulivu. Ya pili ikapanda kidogo. Ya tatu ikapanda. Alizitazama zikipanda ngazi moja moja, na kila moja ilimkanyaga moyoni.

“Kasuku!” aliita. “Uliza mtambo kitu chochote!”

“Umerudi kweli!” sauti ilijibu kutoka mapokezi. “Skrini imeganda!”

Alizima upimaji. Akangoja, na kungoja kule kulimwasha mwili mzima. “Uliza tena!”

“Haa! Imefunguka! Unafanya uganga gani huko?”

Jicho alirudi kwenye amri yake, akaisoma neno kwa neno kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi. Alifika kwenye chujio. Kila mstari wenye jina langu uondolewe. Akalifuta. Akawasha upimaji kwa mara ya mwisho na kuita orodha.

Jina lake lilijaa skrini. Juu jina lake, chini yake jina lake, chini tena jina lake, kama kumbikumbi waliovamia taa. Sasa aliona wazi. Kila mchoro ulilazimika kusoma vipimo vyote tangu siku ya kwanza, na kila siku vipimo viliongezeka, hivyo kila mchoro ulichukua muda mrefu kuliko uliotangulia. Kabla haujakwisha, yeye alikwisha kuamuru mwingine. Michoro ilirundikana ndani ya mtambo, kila mmoja ukinyang’anya nguvu kwa wenzake. Nundu ya mchana ya siku za mwanzo ilikuwa ndogo, ya kawaida, ya simu nyingi kwa pamoja. Mlima huu mwingine aliujenga yeye, kwa mikono yake, kila alipoogopa akauliza tena, na kila alipouliza mtambo ukazidi kuzama. Na ile amri ya kumtafuta mwizi aliifundisha mwenyewe impite yeye bila kumtazama.

Alizima kila kitu. Akakaa kwenye baridi ile, mikono mapajani, jasho likimtoka.

Asubuhi iliyofuata mtambo ulikuwa mwepesi kama unyoya. Jicho alikuwa hajafungua dirisha lake jeusi wakati mkurugenzi alipoingia akitabasamu, jambo la nadra kama mvua ya kiangazi.

“Umeona?” alisema. “Tumemwondoa, mtambo umepona. Pengine kile alichokiacha kimekufa chenyewe, au umekiua wewe. Hongera, binti. Shemeji yako yuko nje hapo, namwita sasa hivi nimalize. Najua ni ndugu yako, hutalazimika kuwepo.”

Njia ilikuwa wazi mbele ya Jicho, pana, laini, wala haina mawe. Akinyamaza, mtambo umepona. Hakuna mwingine anayejua kusoma orodha ile. Hata Kasuku angecheka kitendawili chake wiki moja kisha akasahau. Yeye angebaki Jicho aliyemfichua mharibifu. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu alimwona Shemeji kwenye benchi la mapokezi. Alivaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama wima kama kisu. Pasi ya dada yake ile, miguu imevimba vile.

“Mzee, usimwite,” alisema.

“Nimekwambia huna haja ya kuwepo.”

“Usimwite kwanza. Keti hapa.” Aliinuka akampa kiti chake. Mikono yake ilijua kazi. Alifungua dirisha jeusi, akamwonyesha mtambo uliotulia, akawasha upimaji wake, na wote wawili wakatazama nyota zikipanda. Mapokezi Kasuku akapiga kelele kwamba imeganda. Jicho akaita orodha bila chujio.

Mkurugenzi alisogeza miwani. “Jina la nani hili?”

“Langu.”

“Lote hili?”

“Lote.”

“Ulisema kuna kitu amekiacha ndani.”

“Kitu kilikuwepo, Mzee. Niliyekiweka ni mimi.”

Mkurugenzi alizitazama nyota muda mrefu. Alipozungumza hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Jicho kuliko angefoka. “Unajua nilikuwa naenda kufanya nini kwa neno lako?”

“Najua.”

“Ulimtaja mbele za watu.”

“Ndiyo.”

“Basi nenda ukamsafishe mbele za watu.”

Jicho alizima upimaji, akatoka. Mapokezi kulikuwa na Kasuku mwenye simu sikioni, madereva wawili wenye masanduku yao, na wahudumu wa majokofu waliokuja kuchungulia, maana habari ya mtu kufukuzwa hunukia mbali. Shemeji alisimama alipomwona. Alidhani ameitwa.

“Shemeji,” Jicho alisema, kwa sauti ya kusikika hadi dirishani, “programu yako haikuuzimisha mtambo. Upimaji wangu ndio uliouzimisha. Tena nimesema kwa Mzee kwamba umeacha kitu ndani kwa makusudi, nikiwa sina ushahidi wowote. Nimekukosea mbele ya hawa wote. Nisamehe mbele yao.”

Kasuku aliishusha simu polepole. Ilisikika ikisema peke yake, “Haloo? Haloo?”

Shemeji alifikiri. Watu walimsubiri, maana walikuwa wamemzoea. “Mbona hukujiona kwenye orodha?” aliuliza.

“Niliweka chujio.”

“La nini?”

“Nisijione.”

“Basi,” alisema Shemeji, “lilifanya kazi vizuri.”

Dereva mmoja aliangua kicheko, akakimeza haraka. Shemeji hakucheka. Alimpita Jicho, akaenda kwenye meza yake, akaiondolea kibodi kitambaa, akaketi. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe.

Mkataba wake uliendelezwa siku hiyo hiyo. Jicho hakuachishwa kazi, ila mkurugenzi alimnyang’anya ruhusa ya kuingia kwenye mtambo mpaka hapo Shemeji atakaposema anaaminika. Kila alipotaka kupima alipaswa kumwomba. Kwa mtu asiyeweza kuacha kifuniko cha sufuria, adhabu ile ilikuwa pilipili jichoni.

“Tuchungulie kidogo?” alikuwa akiuliza nyuma ya kiti cha Shemeji.

“Bado.”

“Sasa je?”

“Shemeji, kaa.”

Nyumbani maneno yalirudi taratibu, moja moja. Jioni ya kwanza Shemeji alimwambia tu, “Nipitishie maji.” Dada alimkonyeza mdogo wake, kwani hayo kwa mumewe yalikuwa hotuba. Mtoto alipozaliwa, wa kike, mapafu kama king’ora, Shemeji ndiye aliyemwekea Jicho mikononi. Alimwambia amshike vizuri, na asimfunue kila mara kumtazama kama amelala.

Ghalani Shemeji aliandika upimaji mpya. Ulipima mara chache, ukachora mara moja kwa siku, tena kwenye kompyuta nyingine kabisa. Na mwanzo wa kila orodha aliweka mstari mmoja usioweza kuchujwa na yeyote: jina la anayepima, na kiasi anachokula yeye mwenyewe. Jicho aliporudishiwa ruhusa yake hakuomba mstari ule uondolewe. Akiona mtambo unahema, kabla hajanyoosha kidole kwa mtu, hulisoma jina lake kwanza, ndipo akashuka kwenye majina ya wenzake. Wafanyakazi wapya wakimwuliza kwa nini anaanzia hapo, hana jibu refu la kuwapa: kikulacho ki nguoni mwako.